Mgongo Ukivunjika: Picha ya MRI Yatusaidia Nini?

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia)



Leo tunataka tuzungumze juu ya mgongo uliovunjika. Ajali hizi tunazijua. Mtu ameanguka kutoka juu ya mwembe, pikipiki imegongana na matatu, au kisima kimemwangukia mchimbaji. Huko hospitali daktari anasema, "Apigwe picha ya MRI." Jamaa wanaanza kuulizana: hiyo ni kitu gani, na kweli tuuze ng'ombe kwa sababu ya picha?

Kwanza tuuelewe mgongo. Ni pingili za mifupa zilizofungwa pamoja kwa kano. Ndani yake unapita mshipa mkuu wa fahamu utokao kwenye ubongo. Huo ndio unaotuwezesha kutembea, kuhisi, na kuzuia haja ndogo na kubwa. Mfupa ukivunjika huunga. Mshipa huu ukiharibika kabisa, mpaka leo hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa.

Sasa, eksirei huonyesha mifupa. Skani ya CT huionyesha vizuri zaidi, hata vipande vidogo. Mara nyingi daktari huanza na hizo. Lakini vitu laini havionekani vizuri humo. MRI hutumia sumaku yenye nguvu sana na mawimbi ya redio. Humwonyesha daktari kama mshipa wa fahamu umebanwa, umevimba au umevuja damu. Humwonyesha pia kama kano zimekatika, na kama mfupa umevunjika juzi au ni jeraha la zamani.

Mambo haya ndiyo yanayoamua matibabu. Pingili iliyovunjika, kano zake zikiwa nzima, mara nyingi hupona bila kupasuliwa. Kano zikikatika, pingili yaweza kuteleza na kuubana mshipa, na huenda ikabidi ifungwe kwa vyuma. Mshipa ukiwa umebanwa, madaktari hupenda kuufungulia nafasi mapema, ndani ya saa 24 ikiwezekana. Kwa watoto, eksirei yaweza kuonekana safi kumbe mshipa umeumia.

Kwa hiyo si kila mgonjwa anahitaji MRI. Muulizeni daktari bila woga: "Picha hii itabadilisha matibabu yake?" Akisema ndiyo, basi tusikae wiki mbili tukipanga harambee.

Kabla ya kuingia, mgonjwa aseme kama ana chuma mwilini: kifaa cha moyo, kipande cha risasi, au vyuma vya mfupa. Fundi wa jua kali aliyewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni aseme pia, maana sumaku yaweza kuisogeza. Mashine hupiga kelele nyingi, naye atalala bila kutikisika kwa nusu saa au zaidi.

Lakini ndugu zetu, picha haiwezi kurudisha kile tulichoharibu njiani. Aliyeumia mgongo asiketishwe, asivutwe mikono, wala asipakiwe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Mmoja ashike kichwa kisicheze, na wengine watatu wamgeuze kwa pamoja kama gogo, wamlaze kwenye ubao au mlango ulio imara. Akisema miguu imekufa ganzi, au mkojo hautoki, hiyo ni dharura. Na asiyehisi miguu ageuzwe kila baada ya saa mbili, asije akapata vidonda vya kulala.

Halafu tujipange kabla ya ajali. Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF. Kila mwanachama ajiandikishe yeye na jamaa yake. Ajali ikitokea, ulizeni ofisi ya hospitali bima italipa nini kabla ya kuuza mali. Mweka hazina naye awe na akiba ndogo ya gari la wagonjwa, isiyoguswa kwa jambo lingine.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Ubao wetu wa kubebea wagonjwa uko wapi, na nani wamejifunza kuutumia?
2. Wangapi kati yetu hawajajiandikisha SHA?
3. Gari likihitajika usiku, tutampigia nani?