Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Mtunzaji Akae Wapi?

Maneno ya Kamati ya Vijana na Michezo katika sherehe ya Uhuru, Stockholm, 9 Desemba



Kamati yetu imepewa dakika kumi kati ya pilau na ngoma, kwa hiyo tutasema jambo moja tu. Ni jambo la kiti. Si kiti cha uongozi, hicho kina uchaguzi wake. Tunasema kiti cha kukalia unapomtazama mwanao akicheza.

Watoto, sikilizeni kwanza habari ya siku hii. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza ilishushwa na bendera ya Tanganyika ikapandishwa Dar es Salaam. Haikupandishwa ofisini. Ilipandishwa kwenye uwanja wa michezo, Uwanja wa Taifa wa wakati ule, ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru. Jirani zetu wa Uganda walikusanyika Kololo mwaka 1962, na Wakenya wakakusanyika Langata mwaka 1963. Karatasi zinaweza kutiwa saini chumbani, lakini wazee wetu walitaka watu wawepo, waone kwa macho yao, washangilie kwa sauti zao. Jambo kubwa linahitaji mashahidi. Mechi ya mtoto wa miaka tisa si Uhuru wa nchi, lakini kwake ni jambo kubwa, naye pia anatafuta mashahidi.

Nyumbani, kila aliyekulia mtaani anazijua mechi za mchangani. Uwanja hauna jukwaa. Linafungwa turubai moja, chini yake meza yenye kitambaa na viti vya plastiki vya kukodi, vilevile vinavyokwenda harusini Jumamosi na msibani Jumatatu. Hapo anakaa mgeni rasmi. Wengine wote wamesimama kwenye mstari, wamekaa juu ya ukuta, juu ya ndoo zilizopinduliwa, juu ya matawi ya mwembe. Nani alalamike? Jua lipo, majirani wapo, na ukichoka nyumbani ni hatua hamsini.

Huku hali ni nyingine. Mwezi wa Novemba, saa kumi jioni giza limeshaingia. Uwanja wa nyasi bandia umewashiwa taa na upepo unapita bila kubisha hodi. Mama ametoka kazini moja kwa moja, amesimama siku nzima, na sasa anasimama tena. Bibi aliyekuja kutoka Moshi kutuona anajitahidi robo saa, magoti yanakataa, anakwenda kungoja kwenye kibanda cha basi. Mjukuu akifunga bao, anageuka kumtafuta bibi, na bibi hayupo.

Tumewasikia watoto wetu wakisema, "Mama, usije, utapata baridi." Neno hilo limetoka kwenye huruma. Lakini likirudiwa miaka mitano linakuwa mazoea, na mtoto anakua akijua kwamba uwanja ni wake na nyumba ni yetu, na kwamba mambo hayo mawili hayakutani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtoto aliyejifunza kupiga mpira Tensta au Skärholmen, kwao ni hapa pia. Ila atatunzwa na nani, ikiwa watu wake hawapo mstarini?

Wenyeji wetu wana jibu, na ni jibu jepesi kubeba. Nendeni Zinkensdamm pale Södermalm siku ya mechi ya bandy, ule mchezo wa barafuni wa watu kumi na mmoja kila upande, unaochezwa dakika 90 kama mpira wa miguu. Mtamwona mzee wa Kiswidi anakuja na mkoba wa ngozi wa zamani, wanaouita bandyportfölj. Humo hamna faili, mna chupa ya kahawa na mkate. Mkono wa pili ameshika sittunderlag. Anaitandika, anakaa, anajifunika blanketi magotini, na hapo haondoki hadi filimbi ya mwisho. Hana damu tofauti na yetu. Amejiandaa tu.

Watoto mnaijua sittunderlag, mnaambiwa muilete kila siku ya matembezi ya shule. Je, mnajua kwa nini inafanya kazi? Ni kipande cha povu chenye viputo vidogo vingi vya hewa. Hewa iliyofungiwa haipitishi joto kirahisi. Ukikaa juu ya saruji au chuma bila kipande hicho, joto la mwili wako linanyonywa na benchi. Makalio yanaanza kuganda, miguu inafuata, halafu moyo unatamani nyumbani. Ukikikalia kipande chako, joto linabaki kwako. Wala si lazima kununua: lile godoro la povu la kambi lililochakaa, likate vipande, familia nzima imepata.

Na asije mtu akasema mambo ya barafu si yetu. Ndugu zetu Wasomali wa Borlänge mwaka 2013 walianzisha timu ya taifa ya Somalia ya bandy, wengi wao wakiwa hawajawahi kuvaa viatu vya kuteleza. Mwaka 2014 walikwenda Irkutsk, Siberia, kucheza mashindano ya dunia. Walifungwa mabao mengi sana, lakini walishangiliwa, na habari zao zikatengenezewa filamu. Waliokaa kwenye baridi ile kuwatazama hawakwenda kwa ajili ya ushindi.

Hata hapa mjini yupo wa kwetu aliyetunzwa. Stadion, ule uwanja wa matofali uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1912, ndipo Richard Chelimo wa Kenya alipovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 tarehe 5 Julai 1993, kwa dakika 27 na sekunde 7.91. Siku tano baadaye Mkenya mwenzake, Yobes Ondieki, aliivunja kule Oslo. Rekodi ilidumu siku tano tu. Lakini aliyekuwa amekaa Stadion jioni ile, hakuna wa kumnyang'anya kuwepo kwake.

Sasa tuje kwenye pendekezo lililo mbele ya chama. Wanachama kadhaa wameomba tununue jukwaa dogo la kufungua na kufunga, la ngazi tano, kwa ajili ya mashindano yetu ya kiangazi. Hoja yao ni nzuri na tunaiheshimu. Dunia yenyewe imeelekea huko. Kwa Olimpiki ya London ya 2012, uwanja mkuu wa viti 80,000 ulibuniwa hivi kwamba viti 55,000 viweze kuondolewa baadaye. Kwa Kombe la Dunia la 2022, Qatar walijenga uwanja uitwao 974 kwa makontena ya meli 974, uweze kubomolewa na kuhamishwa. Ikiwa uwanja mzima unaweza kuhama, kwa nini chama chetu kisiwe na läktare yake ndogo?

Jibu letu ni hili. Jukwaa la kuhamishika linabebeka, lakini dhamana yake haibebeki kirahisi. Miguu yake ikikaa kwenye nyasi laini, mmoja huzama; kwa hiyo lazima iwekewe mbao pana chini na kusawazishwa kwa pimamaji. Mabomba ya mshazari ndiyo yanayozuia lisilale upande, na ni rahisi sana kwa mwenye haraka kuacha mawili kwenye gari. Tena watu hamsini waliokaa kimya ni mzigo mmoja. Watu haohao wakiruka pamoja bao likifungwa ni mzigo mwingine, unaosukuma jukwaa huku na huku. Nasi tunajijua, hatushangilii tukiwa tumekaa.

Tarehe 5 Mei 1992, huko Bastia katika kisiwa cha Corsica, Ufaransa, ilikuwa icheze Bastia na Marseille, nusu fainali ya Kombe la Ufaransa. Jukwaa la zamani lilibomolewa na jukwaa la muda la maelfu ya watu likasimamishwa mbiombio, ili tiketi nyingi zaidi ziuzwe. Kabla mpira haujaanza, sehemu yake ya juu ilianguka. Watu wasiopungua 18 walikufa na zaidi ya 2,300 waliumia. Walikuwa wazazi, vijana na waandishi wa habari, waliokwenda kutazama mpira. Hatusemi haya kuharibu sherehe. Tunasema kwa sababu anayemwambia mwenzake "karibu ukae" amechukua dhamana ya uzito wake.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mambo matatu, yajadiliwe kwenye mkutano mkuu wa mwaka.

La kwanza, chama kisinunue jukwaa. Hatuna ghala la kulihifadhi wala fundi wa kulikagua kila mwaka, na viwanja tunavyotumia ni mali ya manispaa, hatujengi juu yake bila ruhusa. Ikifika siku kubwa tunayotaka jukwaa, tukodi kwa watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, walisimamishe wao, walikague wao, na ngazi ya juu na pande zake ziwe na vizuizi imara.

La pili, fedha iliyokusudiwa jukwaa inunue viti arobaini vya kukunja, vyenye egemeo na mikono, kwa sababu mzee haamki kwenye kigoda bila kushika kitu. Viti hivyo vikae kwa zamu kwenye nyumba za wanachama wenye stoo na gari. Kwenye mashindano yetu, safu ya mbele iwe ya wazee, wajawazito na wenye ulemavu. Meza kuu ifuate baada yao. Mgeni rasmi atatusamehe. Naye ana mama.

La tatu halihitaji fedha ya chama. Kila nyumba iwe na mkoba mmoja wa uwanjani karibu na mlango: sittunderlag kwa kila mtu, blanketi, chupa ya chai ya tangawizi, na vitumbua au maandazi ya kugawa. Tukikaa na wazazi wengine na kuwamiminia chai, mwisho wa msimu watayajua majina yetu nasi tutayajua yao.

Wengi wetu tulipofika nchi hii tulisema tumekuja kwa muda, na anayekaa kwa muda hanunui hata kiti. Miaka imepita. Watoto wamezaliwa, wamepata lafudhi ya Stockholm, na Jumamosi wana mechi. Tubebe viti vyetu tukakae.

Mwisho, tunawaomba watoto. Ukimwona mzee wa kwetu amesimama mstarini, hata kama humjui, mwamkie shikamoo, mpelekee kiti, kisha ukaendelee kucheza. Bao tutaliona.

Heri ya Uhuru.