Ruzuku ya mbolea Ukambani: tuulizane vizuri

Wadau, mjadala wa ruzuku ukifika Kitui na Makueni, watu huongea kana kwamba mkulima ametumiwa pesa kwa simu. Hapana. Kinachoingia kwa simu ni ujumbe wenye namba ya vocha. Pesa unatoa wewe. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulikuwa karibu shilingi 6,500, serikali ikaushusha hadi 3,500, halafu 2023 hadi 2,500. Hiyo nafuu ni ya kweli, tusiikatae kwa sababu ya rangi ya chama.

Lakini mwenye ekari moja ya ndengu kule Mwingi atoe wapi hiyo 2,500, na nauli ya bodaboda kutoka bohari ya NCPB je? Tena ndengu na mbaazi hujitengenezea naitrojeni kwenye mizizi. Kinachoziangusha ni ukosefu wa maji. Mvua tunayoitegemea huku ni ya Oktoba hadi Desemba. Mbolea ikifika Januari, ni ya kuwekwa stoo tu.

Kwa hivyo mgombea akinitajia idadi ya mifuko, mimi namuuliza: ilifika wiki gani? Na mbegu ya ndengu, mmeipangia nini?