Ikama ya Wahadhiri Wakati wa Ukata

Ukata unapoingia chuo kikuu, agizo la kwanza huwa kusimamisha ajira mpya. Halimwachishi mtu kazi, halileti mgomo, na akiba yake huonekana haraka kwenye hesabu za mwaka. Kwa upande wa wanataaluma, akiba hiyo ni deni wanalobebeshwa watakaokuja. Hoja ya mada hii ni kwamba idadi ya wahadhiri wanaoajiriwa kila mwaka ifuate kalenda ya kustaafu, isifuate mapato ya mwaka huo. Mkufunzi msaidizi anayeajiriwa leo bado ana mbele yake uzamili wa kama miaka miwili, uzamivu wa minne au zaidi, kisha kupanda madaraja. Hadi aweze kusimamia tasnifu za uzamivu, muongo mzima umekatika, na ndiyo maana kibali cha ajira kilichonyimwa leo hakimuumi aliyekinyima.

Tanzania imeshayaonja haya. Marekebisho ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986, na upunguzaji wa watumishi wa umma miaka ya 1990, yalibana ajira hadi vyuoni. Wanafunzi walikuwa wachache, hivyo pengo halikushtua. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoanza kazi mwaka 2005 na Chuo Kikuu cha Dodoma kilipofunguliwa mwaka 2007, wanafunzi walifurika, na kati ya maprofesa waliokaribia kustaafu na wakufunzi wasaidizi wapya watu wa umri wa kati wakakosekana. Wastaafu waliongezewa mikataba, na baadaye umri wa kustaafu wa maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma ukapandishwa hadi miaka 65. Kenya ilikosea kwa njia nyingine. Ada za wanafunzi wa kujilipia, mpango ulioanza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998, zilizaa matawi na ajira za kudumu nchi nzima. Udhibiti wa wizi wa mitihani ulipoimarishwa, waliopata C+ (alama ya kuingilia chuo kikuu) na zaidi katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, walishuka kutoka zaidi ya 160,000 mwaka 2015 hadi chini ya 90,000 mwaka uliofuata. Serikali ikawa na nafasi kwa wote hao, wa kujilipia wakaadimika, lakini mishahara ilibaki palepale. Kote kuwili, ajira ilifuata fedha za msimu.

Atakayepinga atasema mishahara ndiyo matumizi makubwa, na usipoigusa hutaokoa kitu. Tupige hesabu. Chuo chenye wahadhiri 600 wanaotumikia miaka 30 hustaafisha wastani wa 20 kwa mwaka. Ukiajiri wakufunzi wasaidizi 20 mahali pa maprofesa na wahadhiri waandamizi, gharama ya mishahara inapungua bila kuacha pengo. Wengine hupendekeza wahadhiri wa muda. Hao hufaa kuziba muhula mmoja au miwili, lakini anayelipwa kwa saa hawezi kudaiwa kuandaa mitaala wala kumfuatilia mwanafunzi wa uzamivu kwa miaka minne.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba kumrithisha kila mstaafu kunailinda idara iliyokwisha kupoteza wanafunzi. Ni kweli, nami naliafiki. Kwa hiyo nafasi iwe mali ya chuo: mhadhiri akistaafu irudi Seneti na igawanywe upya, hata kama idara yake italalamika, na italalamika. Kubana matumizi kuanzie kwenye matawi yasiyojaza madarasa, safari, posho za vikao na magari. Zaidi ya hapo kuna jambo lisilo mikononi mwa vyuo. Nchini Tanzania ikama, yaani idadi ya nafasi za ajira zilizoidhinishwa, hupitishwa mwaka kwa mwaka, na chuo kisichojua kama mwakani kitapata kibali hakiwezi kumwahidi mhitimu bora chochote; naye huondoka. Ofisi ya Rais, Utumishi, ikubali kutoa kibali cha miaka mitano kwa nafasi za wakufunzi wasaidizi peke yake, kwa idadi inayosomeka tayari kwenye tarehe za kuzaliwa za wahadhiri waliopo.