Gari ikipiga kelele wakati wa kuwasha: tusikilize kwanza, tulipe baadaye

(Mazungumzo yaliyotolewa Baraka, mbele ya wanachama, mashofa na wenye kushika sanduku)



Leo tumeombwa tuzungumze juu ya kelele ya gari. Mtu anaweza kusema: hiyo ni kazi ya fundi, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Land Cruiser yetu inabeba mama mwenye uchungu usiku, inabeba mihogo na mawese siku ya soko. Na kila franka inayoenda garaji inatoka kwenye sanduku lile lile linalosaidia familia iliyofiwa.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Waliojifunza ufundi Tanzania wanasema stata, waliobaki huku wanasema demarere. Kitu ni kimoja: ile mota ndogo inayozungusha injini mpaka iwake. Ina jino lake dogo, bendiksi, linalotoka na kushika meno ya gurudumu kubwa la chuma nyuma ya injini. Injini ikiwaka, bendiksi inarudi ndani.

Sasa, kelele haziko sawa. Tusikilize.

Ukisikia tik-tik-tik ya haraka na injini haizunguki, usikimbilie demarere. Mara nyingi ni batri imeisha nguvu, ao vichwa vyake vimeshika unga mweupe, ao waya wa masi umelegea. Washa taa za mbele, mwenzako apige kontakti. Taa zikififia sana, tatizo liko upande wa batri na nyaya. Kama fundi ana kipimo, batri ya volti 12 iliyojaa na iliyopumzika inaonyesha karibu 12.6. Kusafisha vichwa kwa maji ya moto na brosi ni kazi ya dakika chache. Toa kwanza waya wa masi, uurudishe wa mwisho, na moto wa sigara uwe mbali.

Ukisikia tak! moja nzito, na taa zinabaki kali, hapo tazama demarere yenyewe. Ndani ya kisanduku chake kuko vipande vya shaba vinavyopitisha umeme, navyo vinaliwa pole pole. Mara nyingi vipande hivyo vinabadilishwa peke yake. Muulizeni fundi kabla ya kununua demarere nzima.

Ukisikia wiiii, mota inazunguka lakini injini imetulia, bendiksi inateleza ao haitoki.

Ile kelele mbaya zaidi ni grrrr, chuma juu ya chuma. Hapo meno hayashikani vizuri: bolti za demarere zimelegea, ao meno yameisha. Shofa akiendelea kulazimisha kila asubuhi, anakula meno ya lile gurudumu kubwa. Demarere inatolewa bila kugusa injini, lakini kubadilisha meno ya gurudumu ni lazima kushusha sanduku la gia. Kazi ndogo inageuka kazi kubwa.

Kelele hiyo inaweza kupiga leo, kesho ikanyamaza, na watu wakasema shofa anatudanganya. Hadanganyi. Injini ikizimwa inapenda kusimama karibu sehemu zile zile, na meno ya sehemu hizo ndiyo yanaisha mbele. Ikisimama kwingine, inawaka vizuri.

Ndivyo ilivyokuwa kwa gari yetu. Wengine walisema iuzwe, wengine walitaka demarere mpya, wengine walimshuku shofa. Tuliomba demarere ifunguliwe mbele ya wanachama wawili. Bolti moja ilikuwa imelegea, na barabara yetu ya Uvira kila mtu anajua inavyotikisa. Meno ya bendiksi yaliliwa kwenye ncha, meno ya gurudumu yangali mazima. Ilibadilishwa bendiksi, bolti zikakazwa, kelele ikaisha. Na jina la shofa likasafishwa, jambo ambalo halina bei.

Kuko pia kelele zinazokuja injini ikiisha kuwaka. Mlio mwembamba kama wa panya, zaidi asubuhi ya mvua, mara nyingi ni mkanda umelegea ao umepasuka. Zima injini kabla ya kuugusa. Mngurumo mkubwa kuliko kawaida ni bomba la moshi limetoboka ao limeachana. Hilo tusilizoee: moshi ukiingia ndani unaweza kuua abiria bila wao kusikia harufu. Na ukisikia kugonga kwa chini huku taa ya mafuta haizimiki, zima mara moja, upime mafuta ya injini.

Kwa mashofa: gari ya mazutu, ngoja taa ya koili izimike kwanza. Usishikilie ufunguo kupita sekunde 10. Pumzisha demarere karibu nusu dakika kabla ya kurudia. Injini ikiwaka, achia ufunguo mara moja.

Tunapendekeza mambo matatu. Shofa aandike katika daftari kelele aliyoisikia, siku gani, na gari ilikuwa baridi ao moto. Kitu cha bei kisinunuliwe kabla batri na nyaya hazijapimwa. Na kila kipande kinachobadilishwa, kile cha zamani kirudishwe kwa mwenye kushika sanduku, pamoja na fakture.

Hii si kuwadharau mafundi. Fundi mzuri anafurahi akiambiwa sawasawa gari inalia namna gani. Mgonjwa anayesema tu "ninaumwa" anampa daktari kazi ya kubahatisha, na kubahatisha kwa garaji kunalipwa na mchango wa mjane.