Jirani Aliyevuka Daraja



Nimeombwa niseme machache juu ya Mkristo na watu wenye taabu. Sitakwenda mbali, nitasema juu ya kwetu, Ngara na Biharamulo.

Tarehe 28 Aprili 1994 watu wa Rwanda walianza kuvuka Daraja la Rusumo kwa wingi. Kwa muda wa siku moja hivi waliingia Ngara watu wapatao 250,000, wakapiga kambi Benaco. Mashirika yalileta chakula na mahema, nayo yanastahili shukrani. Lakini mkulima wa jirani naye alitoa sadaka yake: miti yake ilikatwa kuni, mihogo yake ikang'olewa usiku, na kisima chake kikanywewa na maelfu.

Tena, kati ya wageni wale walikuwamo wenye damu mikononi. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo upande wa Rwanda, alikuwa Benaco. Mwaka 2004 mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Je, Mkristo afanyeje hapo? Mimi naona hivi: mtoto mwenye njaa haulizwi baba yake alitenda nini, apewe uji. Na muuaji hafichwi kwa jina la huruma, apelekwe mbele ya sheria. Huruma inayomsahau aliyeuawa ina kasoro.

Moyo wa kuyashika yote mawili haupatikani kwa kutoa masazo tu. Hupatikana kwa kukaa karibu na watu. Marehemu Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alilijua hilo. Miaka ya 1970 alikwenda kuishi na wakulima katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Hakungoja wamfuate kanisani.

Basi vijana, msingoje mishahara. Hospitalini wapo wagonjwa wasio na ndugu wa kuwaletea chakula wala kuwafulia shuka. Jumamosi nendeni, mkae nao, muwasikilize. Nasi wazee tulio hapa, kabla hatujachangia karamu ya mwaka ujao, tuulizane kwanza ni mwanafunzi gani atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa daftari na sare.