Diski Iliyokufa na LPO Isiyofika: Mada kwa Mafundi wa Seva, Mtongwe



Nimeombwa nieleze mpangilio wa pariti. Wengi mnaujua, basi nitapita haraka. Mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipendekeza diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi ya moja kubwa ya bei ghali, mpangilio walioupa jina RAID. Pariti ni hesabu ya shufwa na witiri. Diski tatu zikibeba 1, 0 na 1, ya nne hubeba 0 ili idadi ya moja ibaki shufwa. Ikifa ya kwanza, zimebaki 0, 1 na 0. Iliyopotea haiwezi kuwa ila 1. RAID 4 hurundika pariti yote kwenye diski moja, ikaelemewa kila tunapoandika. RAID 5 huizungusha diski hadi diski. RAID 6 ina pariti mbili.

Tatizo langu ni kipindi baina ya diski kufa na mpya kufika. Safu ya diski zenye pariti ikipoteza moja haisimami. Faili zinafunguka, mishahara inatoka. Taa ya njano inawaka ndani ya chumba kilichofungwa, na barua pepe ya onyo inakwenda kwa fundi aliyehamishwa zamani. Hata akijua mtu, ombi la LPO, yaani hati ya kuagizia bidhaa, huzunguka meza za manunuzi wiki baada ya wiki: si mashine inafanya kazi? Simnyooshei kidole yeyote. Taratibu za fedha zina sababu zake. Lakini diski haingoji sahihi.

Tena diski mpya ikifika ndipo hatari inapozidi. Kuijaza kunalazimu diski zote zilizobaki zisomwe mwanzo hadi mwisho, hata sehemu zisizoguswa miaka. Diski nyingi za kawaida hutangazwa kuwa na kosa la kusoma lisilozidi moja kwa kila biti trilioni 100, yaani terabaiti 12.5. Safu ya diski tano za terabaiti 4 ikifiwa na moja, zinasomwa terabaiti 16. Nyingi hufanya vizuri kuliko zilivyotangazwa, nakubali. Ila RAID 5 iliyokwisha kupoteza diski haina cha kufidia sekta mbovu hata moja, na kontrola nyingine kwa sekta hiyo huitoa diski nzima. Na diski zenyewe tumezinunua siku moja, zimekaa joto moja, AC huzimwa saa 11 jioni. Huchoka pamoja.

Umeme nao, kama ulivyokatika karibu Kenya nzima tarehe 25 Agosti 2023, ukienda data imeandikwa na pariti bado, mstari ule wa data na pariti unaweza kubaki na hesabu ya uongo mpaka siku diski itakapokufa.

Napendekeza diski ya akiba inunuliwe pamoja na seva, si baadaye. Diski kubwa ziwekwe RAID 6. Onyo liende kwa watu wawili walio kazini, na mmoja akihama abadilishwe siku hiyo. Mfumo wa Debian hukagua safu Jumapili ya kwanza ya mwezi. Msiuzime ukaguzi huo kwa kuwa unachelewesha mashine. UPS iwe na betri nzima. Diski ya akiba, narudia, iwe kabatini kabla ya kuhitajika. Na kwa kuwa pariti haizuii faili kufutwa wala chumba kuungua, bekapu ivuke feri ikae kisiwani Mombasa, na kila robo mwaka irejeshwe kwenye mashine nyingine, faili zifunguliwe mbele ya mhasibu.