Dawa Zilizomo Miyomboni



David Livingstone alifika Kwihara, Tabora, mwaka 1872. Miaka mitano kabla yake, wapagazi watoro walikuwa wametoweka na sanduku lake la dawa, akabaki bila kwinini ya kutibu homa. Dawa hiyo hutoka katika gome la mkwinini, nayo ilitengwa Ufaransa mwaka 1820.

Mimea mingi hutengeneza kemikali kwa kujikinga. Nikotini ya tumbaku huua wadudu. Humdhuru pia mkulima ashikaye majani mabichi yenye umande. Kipimo ndicho kitenganishacho dawa na sumu. Kwa hiyo mgonjwa na aende zahanati.

Hata hivyo, miyombo inayokatwa kwa kukaushia tumbaku ina mimea mingi isiyochunguzwa bado. Kila chama kihimize upandaji wa miti ya kuni, ili dawa ya kesho isiteketee katika bani la leo.